Mtumbwi Ndani ya Mguu

Mwaka ule watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa, Odeta alikuwa akisomea uuguzi mjini Mwanza. Kilichomtoa jasho ni mifupa. Majina yake ya Kiingereza aliyakariri asubuhi, jioni yakawa yameyeyuka, hasa lile la mguuni: "navicular."

"Mwalimu, neno hili limenishinda," alimwambia Mwalimu Ishengoma, Mhaya aliyewahi kusoma seminari.

Ishengoma akachukua mfupa mdogo mezani, akamwekea kiganjani. "Hata Waingereza wameliazima. Kwa Kilatini, 'navis' ni meli, na 'navicula' ni kijimeli, tuseme kijimtumbwi. Kwa hiyo 'navicular' ni kitu chenye umbo la mtumbwi. Hebu utazame upande huu."

Kweli, mfupa ulikuwa umebonyea kama mtumbwi uliochongwa gogoni. Nje ya dirisha ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kwa jua, na sauti za darasa zikaanza kumpotea Odeta. Akajiona mdogo, kwao Ukerewe, amelala chali katika mtumbwi wa baba yake, maji yakinong'ona chini ya mgongo wake. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akitembea na mitumbwi miwili!

Wiki hiyo aliletwa wodini Bibi Kashindye. Nguzo ilimwangukia mguuni siku alipokuwa akibomoa nyumba yake ili ahamie kijiji kipya. Mguu ulivimba, na hakutaka uguswe.

"Shikamoo, bibi," Odeta alisema.

"Marahaba. Mguu uache. Vyote vimeshahamishwa, huu ubaki ulivyo."

Odeta hakubembeleza. Alikaa sakafuni karibu naye. "Bibi, mfupa ulioumia humo ndani unaitwa mtumbwi."

"Nani kauita hivyo?"

"Watu wa zamani sana, wa mbali."

Bibi akageukia dirisha, akatazama ziwa. "Basi na wao walikuwa na ziwa," akasema. Kisha akausogeza mguu taratibu mpaka mapajani mwa Odeta. "Haya, ufunge. Ila usiuzamishe, mjukuu wangu."

Wakacheka wote wawili, bibi akifuta machozi.

Wiki kadhaa baadaye, plasta ya mguuni ilipotolewa, Nkwabi, mwana wa bibi, alikuja na baiskeli. Bibi alikataa kupakiwa mpaka nje ya lango. Alichechemea mwenyewe, kanga begani, akiwaaga wagonjwa wa kila kitanda, na Odeta akasimama mlangoni akimtazama hadi alipoitwa kubadilisha mashuka.