Ahadi Kabla ya Ruzuku

Karani wa ofisi yetu ya kusaidia familia za wanajeshi wastaafu, hapa mjini Toledo, alikuwa na sharti moja: usimwahidi mtu makazi kabla ruzuku ya serikali haijathibitishwa. Kila simu ilipolia, alifuta viganja vyenye jasho kwenye sketi kabla ya kuipokea. Novemba alikuja Lorna, ambaye mwenye nyumba wake alitaka kumfukuza yeye na familia yake.

“Kaka yangu ana chumba, anataka jibu leo,” alisema. “Mume wangu ananiambia nisiwaamini ninyi. Jeshi nalo lilimwahidi goti jipya, hadi leo hajalipata.”

Karani alifuta viganja. Macho ya mama yule yalimshinda kuyatazama.

“Mwambie kaka yako ahsante, mama. Mtabaki kwenu.”

Mezani pangu, niliinamia faili zangu. Mwishowe ruzuku haikupitishwa, na chumba cha kaka yake kilikuwa kimeshapata mpangaji. Sasa Lorna, mumewe na watoto wanalala garini, kwenye theluji.