Maziwa Yaliyolala

Nilipokuwa mtoto tumbo langu lilikuwa na kelele kuliko mimi mwenyewe. Nikishakunywa maziwa ya jioni, yakiwa bado na joto la ng'ombe, lilinguruma, likajaa gesi, kisha nikakimbilia nyuma ya zizi nimekusanya gauni langu mikononi. Watoto wenzangu walicheka, na mimi nilicheka nao. Sikujua kwamba kwa ajili ya kelele hizo mama yangu alikuwa hapati usingizi.

Kijijini kwetu, kule upande wa Mpwapwa, walikuwepo watu walioamini kwamba ng'ombe wa ukoo humjua mtoto wa ukoo. Mtoto akishindwa na maziwa ya ng'ombe wa marehemu babu yake, basi babu ndiye aliyemkataa. Na kama babu kamkataa, mtoto huyo kapatikana wapi? Swali hilo mama aliulizwa kwa macho tu. Alikuwa ameolewa kutoka Gulwe, penye stesheni, na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakuchoka kukumbusha watu kwamba treni hushusha wageni wa kila namna.

Dawa waliyoiona ni kuniongezea maziwa ya kukamua, yale ya moto moto kutoka zizini. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu, nami nikazidi kukonda huku nikinywa kuliko ndama. Leo hilo linanichekesha, ila uso wa mama wakati ule haukuchekesha hata kidogo. Alikwisha kufunga nguo zake kwenye kanga na kuzisukuma chini ya kitanda.

Mwishowe shangazi akataka jambo liishe. Wazee wa ukoo waitwe, nami ninywe maziwa ya ng'ombe wa babu mbele yao. Yakinishinda, mama arudi kwao. Baba hakuwahi kumpinga dada yake, na siku hiyo hakuanza.

Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa kimya muda wote. Msidhani alikuwa mkwe mpole. Alimsema mama kwa ugali usioiva, kwa kuni mbichi, hata kwa namna alivyokaa. Lakini alikuwa na macho. Aliona kwamba nikila ugali wa uwele kwa maziwa mgando, yale yaliyokwisha kuchacha kibuyuni, nilikwenda kucheza na nyuma ya zizi sionekani. Hakumwambia mtu.

Wazee walipoketi na shangazi akauliza mbona ng'ombe hajakamuliwa, Bibi alitoka ndani na kibuyu.

"Haya ni ya ng'ombe huyo huyo, yamelala ndani kwangu," alisema. "Mume wangu alimpa mgeni maziwa ya kukamua. Yaliyolala aliwawekea watoto wake."

Shangazi akaanza kusema kwamba hayo siyo makubaliano. Bibi hakumtazama.

"Maziwa ya nyumba hii nayagawa mimi."

Hapo hapakuwa na la kubisha, maana kwetu maziwa yakishavuka mlango ni ya mwanamke mwenye nyumba. Nikanywa. Ukoo mzima ukakaa kimya kulisikiliza tumbo langu, na mzee mmoja akasinzia kwa kungoja. Halikusema neno. Wazee wakanyanyuka kwenda kunywa pombe yao, na mama akaingia ndani kufungua kanga yake.

Tangu hapo sikupewa tena maziwa ya kukamua. Bibi alisema babu ndivyo alivyotaka, na nani angekwenda kumuuliza babu?

Sasa naishi Dodoma mjini na nina mtoto wa chekechea. Mwaka huu alianza kuharisha na kuvimba tumbo kila akinywa chai ya maziwa. Tukampa dawa ya minyoo, haikusaidia. Daktari akatuambia tuyaache maziwa kwa muda tuone, na mtoto akapata nafuu. Akatueleza kwamba wapo watoto wengi ambao, wakishakua kidogo, matumbo yao hushindwa kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa. Mtindi, alisema, ujaribiwe kidogo kidogo, maana kuchacha huipunguza sukari hiyo, na dagaa na mboga za majani zisikosekane kwa ajili ya mifupa. Nililia pale pale. Akadhani nimeogopa, kumbe ilikuwa ni shukrani.

Nilikwenda kijijini kumwamkia Bibi, nikamweleza habari ya sukari. Alisikiliza huku akimenya karanga, hakushangaa sana. Nikamuuliza angefanya nini kama siku ile tumbo langu lingenguruma mbele ya wazee.

"Ningesema babu yako anashukuru," alijibu. "Tumbo lako nilibahatisha, mjukuu wangu. Mama yako ndiye niliyemjua."

Mama alikuwa uani akipepeta uwele, katika nyumba ile ile. Niliinuka nikaenda kumsaidia.