Kinu Kilichotoka Kwenye Pua ya Ndege

Najua mtacheka, na watu wa Kamina waliokuwapo walishacheka kabla yenu, kwa hiyo bora niseme mwenyewe: mimi ndiye kijana aliyempelekea mama mkwe pua ya ndege awe anatwangia sombe, yale majani ya muhogo.

Ilikuwa wakati wa Zaire, bado navaa abakosti yangu ya kijivu, lile koti la enzi hizo lisilovaliwa na tai, hata kwenda kununua chumvi, nami nilikuwa namchumbia Ngoie, binti wa mtaa ulio nyuma ya stesheni. Siku moja, sokoni kule kambi ya jeshi, nikamkuta mke wa kaporali mmoja anauza pua ya ndege ndogo ya jeshi iliyokwisha kufa: kitu cheupe, chepesi, kirefu, chenye shimo ndani kama kinu (nikajiambia, hiki ni kinu, ila hakijajijua), kimetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi. Nikaazima nyundo, nikakipiga pigo moja la nguvu mbele ya watu. Nyundo ikaruka, kitu hakikupata hata mkwaruzo. Basi nikakata shauri: kama kimeishinda nyundo, mchi wa mama utakifanya nini? Nikakichongea kiti cha mbao ili kisimame.

Kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, akimwona njiani anakata kona. Kwa hiyo kinu kilipelekwa na Mjomba Kasongo, mjomba wake Ngoie, ambaye ndiye alikuwa akibeba maneno kati yetu. Mama akatwanga asubuhi na jioni, mapigo madogo madogo, kinu kikabaki vile vile cheupe, majirani wakaja kukishangaa, na mimi nikaanza kutembea katikati ya barabara.

Halafu Mjomba Kasongo akaja. "Mama anasema kinu iko nalia namna ingine. Mbele ilikuwa inalia ngo, sasa inalia pu, sawa muntu wa kikohozi."

"Iko na mupasuko?"

"Hapana. Anaangalia inje, anaangalia ndani, iko muzima. Ni sauti tu."

Kama ningeruhusiwa kwenda kuinama na kukigonga mwenyewe, labda ningesikia. Lakini desturi ilinizuia miguu, na mdomo hakuna aliyeuzuia. "Mwambie atwange na nguvu," nikasema. "Hii ni kitu ya ndege, mujomba, haiogope majani."

Ikafika siku ya mahari. Ndugu zangu wakaja kutoka Mulongo na vikapu vya samaki wa moshi, wakwe wakakaa kwenye mikeka, na siku hiyo ndiyo wangesema ndiyo au hapana (na karani mmoja wa reli alikuwa anangojea tu wanikatae amchumbie yeye). Katikati ya uwanja nikaona kinu changu kimesimamishwa, kimejaa sombe.

"Sitwayeni," akasema Mjomba Kasongo (ndivyo tulivyoitana enzi hizo, yaani mwananchi), "bantu bote banasema kinu yako inakohoa. Twanga weye, tusikie."

"Leo mwanaume anatwanga," shangazi mmoja akasema, "tutakula mbele ya mvua kufika."

Ningeweza kukataa. Nikauchukua mchi, na abakosti yangu mwilini, nikasema, "Angalieni." Nikapiga: pu. Nikapiga tena: pu. Pigo lililofuata mchi ukapita kwenye kitako cha kinu mpaka ukagonga mbao, nikauvuta, kinu kizima kikapanda pamoja nao, nikabaki nimekiinua hewani huku sombe ikinimiminikia kifuani, na mama mkwe, aliyejificha nyuma ya jiko kama desturi inavyotaka, akasikia kelele akatoka mbio kuokoa chakula chake. Tukakutana uso kwa uso. Yeye akajifunika kwa kitenge. Mimi nilikuwa nimeshafunikwa.

Wazee wakaanza kujadili mbuzi wa kulipia macho yangu, nami nimesimama najikuna mikono, maana nyuzi za kioo zilishaingia kwenye ngozi, hapo nikatazama pale palipovunjika. Nje safi kabisa. Ndani, tabaka zilikuwa zimeachana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Nyundo yangu haikuwa imefanya neno. Ni yale mapigo madogo ya kila siku yaliyokuwa yakizifungua taratibu, bila kuonekana.

Sombe ikamwagwa yote kwa sababu ya kioo, wageni wakala bukari, ugali wetu, kwa samaki waliokuwa zawadi. Wazee wakanong'ona muda mrefu, nikihesabu moyoni ni nani atamwambia karani wa reli. Mwisho Mjomba Kasongo akasimama.

"Mutoto tunakupatia," akasema, "juu haukukimbia. Lakini vyombo ya nyumba, tutanunua sisi benyewe."

Tangu hapo nimezunguka Likasi, Kalemie, na miji mingine ambayo Ngoie hapendi niitaje, naye yuko nami mpaka leo. Lakini nimeapa: sitapiga tena kitu pigo moja nikasema nakijua.