Nyoka Chini ya Mguu wa Bikira Maria

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi niliwajua nyoka wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa nyoka wa babu yangu, au Guku, kama tunavyowaita babu zetu Usukumani. Hao sikuwaogopa sana, kwa kuwa ilisemekana hawagusi mtu wa nyumba yetu. Wa pili alikuwa mmoja tu, wa plasta, rangi ya kijani, amejikunja chini ya mguu wa sanamu ya Bikira Maria katika kigango chetu, kanisa dogo lililokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Lagangabilili. Huyo wa plasta ndiye aliyenikosesha raha.

Guku alikuwa mmoja wa Bayeye, watu wa ngoma ya nyoka. Siku za ngoma alimvaa chatu shingoni kama mwingine anavyovaa skafu, na siku za kawaida alikuwa mganga wa walioumwa na nyoka. Wagonjwa waliletwa kwa baiskeli na mikokoteni ya ng'ombe. Wengine walipona, wengine hawakupona, na sikuwahi kumsikia akijisifu kwa wale wala kujitetea kwa hawa. Dawa zake zilikaa katika vibuyu vidogo vilivyozibwa kwa guguta la mahindi.

Bibi alipofariki alizikwa Kikristo. Guku alikaa msimu mmoja wa pamba bila kucheza ngoma hata moja, kisha akamwambia baba kwamba naye anataka kubatizwa. "Mwenzangu yuko huko," alisema. "Mimi nibaki nje nafanya nini?"

Jumapili ya kwanza nilimshika mkono hadi mbele ya sanamu ile. Aliinama akamkagua nyoka wa plasta kwa jicho la fundi.

"Aliyemtengeneza huyu hajawahi kumshika nyoka," alisema. "Ona, mama amekanyaga katikati. Kichwa kimebaki huru. Huyu atamuuma sasa hivi."

"Guku, huyo si nyoka! Ni shetani."

"Aa. Nani kasema?"

"Katekista."

Akakitazama kile kichwa kwa muda mrefu. Mimi niliona fahari. Nilikuwa darasa la tatu, najua kusoma, na babu yangu aliyeogopwa hadi Bariadi alikuwa akinisikiliza mimi.

Katekista wetu alikuwa mtu mwema, nasema hivyo bila kejeli. Alimweleza Guku kwa upole kwamba picha na sanamu za kanisani zina maana: mwanakondoo ni Yesu, njiwa ni Roho, nyoka ni yule adui. "Mzee, huwezi kusimama na Mama huku nyumbani kwako unamfuga aliye chini ya mguu wake." Guku hakubishana. Chatu aliachiwa porini, na Jumapili moja baada ya misa vibuyu vikachomwa nje ya kigango. Watu waliimba, na mimi nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha.

Tangu hapo nikawa mwalimu wake. Kila jioni tulikaa ukumbini, namsomea maswali ya katekisimu naye anayarudia, akiyachanganya makusudi ili nikasirike. Jioni moja ndipo aliponiambia habari ambayo natamani nisingeisikia. Dawa ya nyoka, alisema, haitupwi ovyo. Aliyeipokea ndiye huirudisha porini, kwa maneno yake. Ikitupwa na mwingine, nyoka hufuata nyumba akiitafuta.

"Na zile zilizochomwa?" nikauliza.

"Zile nilizisemea kwanza. Katekista alidhani nasali."

Wiki chache baadaye mama alinituma mtama kwenye kihenge. Nilipozamisha mkono nikagusa kitu kigumu. Kilikuwa kibuyu, kimezibwa kwa guguta. Sikujua wakati ule kwamba mama ndiye aliyemsihi Guku abakize kimoja. "Baba, kuna watoto hapa," alimwambia mkwewe, "usituache mikono mitupu." Mimi nilijua tu kwamba katekista alifundisha kuwa anayemficha Mungu kitu hata ubatizo hautamfaa. Nilimwona Guku motoni na bibi upande wa pili akimtazama. Nilimpenda mno, na naandika neno hilo nikijua linasikika kama kisingizio. Nilikifunga kibuyu kwenye kanga, nikaenda nacho chooni, nikakidondosha shimoni. Nikafanya ishara ya msalaba.

Sikumwambia mtu.

Masanja, mdogo wangu, alikuwa na miaka sita. Alikuwa mtoto wa kufuata kuku, anajua kila kuku anataga wapi, na mayai aliyaleta kwa mama ndani ya shati huku akitembea kama mzee asidondoshe. Ilikuwa baada ya mavuno, miti ya pamba imeng'olewa na kurundikwa pembeni mwa shamba ikisubiri kuchomwa. Kuku mmoja alijificha humo. Asubuhi moja Masanja akaingiza mkono.

Alikuja nyumbani anatembea, hata halii. "Kuku kaniuma," alisema. Guku akaushika ule mkono, akaona matundu mawili, akakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia.

"Baba, kile kibuyu!" mama alipiga kelele. "Kile kibuyu!"

Guku alikuwa ameshafika kwenye kihenge. Alizamisha mkono, akautoa. Akazamisha mikono yote miwili. Kisha akaanza kumwaga mtama chini, debe baada ya debe, na mama naye akaingia kumsaidia, wanachambua kwa vidole huku Masanja amekaa kwenye kigoda anaanza kusinzia. Baba mdogo, mdogo wake baba aliyeishi nasi, alikuwa amesimama na baiskeli yake tayari. "Tumpeleke hospitali," alisema. Mama akajibu, "Subiri, dawa ipo, ipo humu humu."

Mimi nilisimama mlangoni. Neno moja tu lingetosha. Ningesema "nilikitupa," wangeacha mtama, wangempakia Masanja, wangeondoka. Nililiona neno hilo mdomoni mwangu na nikaliogopa. Niliogopa kupigwa. Mdogo wangu anakufa, na mimi naogopa fimbo! Kihenge kiliisha hadi chini ndipo walipokata tamaa. Baba mdogo akampakia Masanja, mama akawa anakimbia nyuma ya baiskeli akimshikilia mgongo. Mtoto alifariki kabla hawajafika barabara kubwa.

Sijui kama ile dawa ingemponya. Nimewahi kumuuliza muuguzi, akanijibu kwa uangalifu kwamba sumu ya swila, nyoka tuliyedhani ndiye aliyemuuma, inataka hospitali na inataka haraka. Kwa hiyo simlilii Masanja kwa sababu ya kibuyu. Namlilia kwa sababu ya muda ule waliochambua mtama mbele yangu. Wala sisemi kwamba nyoka alikuja kuitafuta dawa yake, kwani rundo la miti lilijaa panya, na nyoka hufuata panya. Lakini nikilala peke yangu siwezi kuapa.

Siku tatu baada ya mazishi, ndugu wakiwa bado wamekaa msibani, baba mdogo aliuliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Kile kibuyu kilikwenda wapi?"

Baba yangu, aliyekuwa amerudi kutoka Bukundi alikopeleka ng'ombe malishoni, alimtazama baba yake. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama.

"Nilikitupa mwenyewe," alisema Guku. "Chooni."

Hakuniangalia. Alisema chooni, mahali ambapo sikuwa nimemtajia kiumbe yeyote. Nadhani alikwenda kumulika shimoni tulipokuwa tunajiandaa kwa mazishi. Labda alikiona kikielea. Na nani mwingine katika nyumba ile angekitupa, kama si yule mwalimu wake?

Mama aliinua uso. "Nilikuomba, baba," alisema. Tangu siku ile hadi mzee alipofariki, mama hakuzungumza naye zaidi ya salamu ambayo mkwe hawezi kuikwepa. Ugali wake aliupika vizuri kama zamani, ila niliupeleka mimi.

Niliamini Guku angerudi kwa Bayeye. Wenzake walikuja kumwambia waziwazi kwamba kanisa limemgharimu mjukuu. Aliwapa togwa, wakaondoka. Jioni ile akaja ukumbini na kile kitabu kidogo, akakaa, akanyoosha miguu.

"Limi, mwalimu," alisema. "Tulifika wapi?"

Nilimsomea swali lililofuata huku nalia, naye akalirudia sawasawa, bila kuchanganya hata neno. Alibatizwa Pasaka iliyofuata. Alifariki mimi nikiwa kidato cha pili.

Sasa nina cherehani yangu Bariadi, na nashona mavazi ya misa na vitambaa vya altare. Wanyama wa kanisani nawajua kwa sindano. Mwanakondoo mwenye bendera, samaki, tai wa Yohane, na yule ndege mwari anayejitoboa kifua alishe makinda yake kwa damu. Huyo mwari wateja humpenda, na mimi huwaeleza maana yake kabla hawajauliza. Nyoka nimemshona mara nyingi, daima chini ya mguu.

Mwaka jana padri mmoja kijana alileta mchoro wa stola ya Kwaresima, ule mshipi mrefu ambao padri huuvaa shingoni. Ulikuwa na mti uliosimama wima, na nyoka amejizungusha juu yake.

"Padri, hapa wamekosea," nikamwambia.

Akacheka. Akanikumbusha habari ya jangwani, jinsi watu walivyoumwa na nyoka, na nyoka wa shaba akainuliwa mtini ili aliyeumwa amtazame apone. "Wachoraji wa zamani walimweka kuwa mfano wa Kristo msalabani," alisema.

"Nyoka huyuhuyu?"

"Mnyama ni huyohuyo, mama. Maana ndiyo mbili."

Habari ile niliisikia zamani kwa masista walionifundisha kushona, lakini sikuwahi kuiweka karibu na Guku. Padri alipoondoka nilizima cherehani. Mzee aliyetumia maisha yake kuwahangaikia walioumwa alionyeshwa picha moja tu, na aliyemwonyesha nilikuwa mimi, kwa kidole changu, nikijivuna. Simlaumu katekista. Alitufundisha alichofundishwa.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari kwenda kwa mama. Nilimkuta mkekani anachambua kunde. Nikamwambia yote, tangu mkono wangu kwenye mtama hadi shimo la choo, bila kupumzika, kwa sababu ningepumzika nisingemaliza.

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akauliza, "Yeye alijua?"

"Alijua, mama."

Akaweka ungo chini. "Mwaka aliokufa alituma kuniita mara tatu," alisema. "Chumba kile pale. Sikwenda."

Mikono yake ililala mapajani, na uso wake ukawa wa mtu aliyefiwa asubuhi hiyo. Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, na nikauona ukimwelemea yeye. Hakuniambia amenisamehe, nami sikumwomba. Aliinama, akanishika mkono, akaushikilia kwa nguvu kama anayeogopa nitanyanyuka niondoke.

Miaka yote nilidhani Guku alisema uongo ule ili nisipigwe. Pale kwenye mkeka, mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wa mama, nilielewa kwamba hakuwa ananitazama mimi peke yangu. Alimwona mkwe wake amemzika mtoto mmoja, akakubali kuchukiwa hadi kufa ili mama abaki na mtoto wa kumpenda.