Jina la Aikande Halipunguzwi

Mwanangu, ipo siku moja ambayo sijaisahau, na sina mpango wa kuisahau. Jana umeniambia kwamba kupanga marejeo ya makala ni kazi ya mashine: unabonyeza, majina yanajipanga, wewe unakwenda kunywa chai. Sawa. Mashine inajua koma iwekwe wapi. Haijui nani alishinda shambani na mvua inamnyeshea. Na siku hizi, nasikia, inaweza hata kukutungia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, cha mwandishi ambaye hajawahi kuzaliwa. Kwa hiyo kaa kwanza. Chai yako haitapoa.

Nilikuwa binti mdogo, msaidizi wa utafiti hapa Moshi. Mama yangu aliuza ndizi soko la Himo, na mimi nimekulia nyuma ya mikungu yake, nikijifunza kuhesabu kitu mara mbili kabla sijakiamini. Bosi wangu, tuliyemwita Dokta, alikuwa ameandika makala kuhusu fukusi wanaotoboa migomba, na mimi nikawa mwandishi wa pili. Jina langu kwenye jarida la kisayansi, mwanangu! Tena si kwa sifa tu: bila makala iliyochapishwa, ufadhili wa masomo niliouomba ungenipita. Makala ilikuwa imeshakubaliwa. Kilichobaki ni marejeo yapangwe kama jarida linavyotaka: namba ndani ya mabano ya mraba, majina ya majarida kwa herufi za mlazo, na yasizidi thelathini.

Nikahesabu, thelathini na moja. Nikahesabu tena. Thelathini na moja, kama mgeni aliyekuja na mwenzake bila taarifa.

Nikampelekea Dokta. Hata hakukaa. Akapitisha kalamu, akafuta moja: tasnifu ya Aikande.

Huyu Aikande alikuwa binti wa Tarakea, alisoma chuo kabla yangu, na wakati huo alikuwa anafundisha sekondari kwao. Yeye ndiye aliyebuni namna ya kupanga mitego ya fukusi tuliyoitumia kila shamba. Hakupata mtu wa kumsaidia kuichapisha, tasnifu yake ikalala maktaba na vumbi lake. Sisi tukaichukua, tukaitumia, ikatufaa. Ukifuta rejea yake, msomaji wa mbali ataamini mitego ile tumeiota sisi wenyewe usingizini.

"Dokta, hiyo ndiyo mitego yenyewe," nikasema.

"Haijachapishwa. Jarida linapendelea kazi zilizochapishwa. Toa, Jumatatu tunatuma."

Ilikuwa Ijumaa. Nikapanda nyumbani, huko juu kwenye migomba, nikiwa nimeshakubali moyoni. Nani angejua? Nikamkuta Bibi, mama mzaa baba yangu, anamenya ndizi za mtori, ile supu yetu nzito. Akaniuliza kilichonikunja uso. Nikamweleza, tena nikajieleza vizuri, maana kila mtu ni wakili wake mwenyewe.

Bibi akaendelea kumenya. "Mitego ni ya nani?"

"Ya Aikande."

"Na hiyo karatasi inasema ni ya nani?"

"Haisemi, Bibi. Tumepunguza tu."

Akanyoosha kisu kuelekea mwisho wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, pale masale yaliposimama kati yetu na jirani. Wewe uliyekulia mjini unayaona kama pambo la kando ya njia. Kwetu mmea ule ndio mpaka, na ndio msamaha pia: aliyekukosea akija na jani la sale mkononi, humfukuzi.

"Sale halipunguzwi," akasema. "Ukiling'oa umehamisha mpaka. Wakupe na cheti cha shamba, utakuwa mwizi mwenye cheti. Haya, niletee maji."

Mtori wa siku ile nilipakuliwa kidogo. Nikaelewa kwamba nimekosa.

Jumatatu nikaingia ofisini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Umeshaitoa?"

"Nimesoma maelekezo ya jarida mara mbili. Wameandika 'tunapendelea'. Hawajaandika 'marufuku'."

"Kwa hiyo?"

"Za kwako mwenyewe ziko saba, Dokta, na mbili zinasema jambo lilelile. Punguza moja, tuko sawa."

Akavua miwani. "Wewe binti, unapanga bei na mimi?"

"Himo tungekuwa tumeshamalizana."

Hakucheka. "Sikiliza. Yake ikibaki, jina lako linatoka. Chagua."

Mchezo huo naujua, mwanangu. Muuzaji anataja bei ya kukutisha ili uanze kuomba. Alikuwa ananisubiri niombe. Nikaufikiria ule ufadhili, nikamfikiria mama na mgongo wake. Nikafikiria mara ya pili, jibu likawa lilelile.

"Basi toa langu."

Akadhani ni bei ya kuanzia. "Usiwe mjinga, mama."

"Toa, Dokta. Lake nimeshalipanga, namba tisa, na nukta zake zote ziko mahali pake. Likikosekana, mhariri atapata barua yangu. Anwani yake iko ukurasa wa kwanza wa jarida."

Hapo ndipo alipoona kwamba siombi.

Makala ikatoka bila jina langu, na ufadhili ukanipita. Nikarudi Himo kuuza ndizi msimu mzima, wateja wakalalamika kwamba kwenye bei mimi ni mgumu kuliko mama. Masomo niliyapata baadaye, kwa njia ndefu, na hiyo si habari ya leo. Habari ya leo ni simu iliyonikuta sokoni nikishusha mikungu.

"Ni Aikande, wa Tarakea. Mkutubi wa chuo amenitumia makala, kanieleza ulivyonitetea, na namba yako kanipa yeye." Nikasikia kelele za wanafunzi nyuma yake. Kisha akasema, "Dada, nimejiona."

Hilo tu. Nimepewa vyeti vingi tangu siku ile, na hakuna hata kimoja ninachokikumbuka kama maneno yale mawili.

Basi nisikilize. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla hujabonyeza hicho kitufe chako, pitia marejeo jina kwa jina, kisha yapitie tena. Usiweke kazi ambayo hukuisoma kwa sababu mkubwa anaipenda. Usiondoe uliyoitumia kwa sababu mwenyewe hana wa kumsemea. Watakuambia nafasi ni ndogo. Nafasi ya mwenye jina kubwa huwa haiwi ndogo, hilo nalo lihesabu. Watakuambia utakosa. Nami nakuambia, kosa! Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Ila mimi niliuza kwa hasara: nilitoa jina langu na lilikuwa halali yangu. Wewe usikubali kulazimishwa kuchagua. Dai jina lake, dai na lako, na usishuke bei.

Nenda sasa, ukaandike. Mungu akupe mkono usiotetemeka mbele ya wakubwa. Mpaka wako usihamishwe na mtu, na wa mwenzako usihamishwe na wewe. Na siku moja, huko uendako, mtu usiyemjua afungue kazi yako, ajione.