Mashine Iliyokataa Kumpigia Wifi

Mke wa kaka yangu alikuwa akila kwa sauti yake. Alifanya kazi ya kupokea simu za wateja katika kampuni moja ya mitandao, kutwa nzima kavaa visikilizio, akiwatuliza watu waliokwisha kuchefuka. Wenzake walimbandika jina la Redio. Kaka akalipenda, akalileta nyumbani. Mimi namwita wifi, naye ananiita wifi, na kwa kuwa pale kwenye kona ya sebule kuna kisanduku cha intaneti, kaka hachoki na utani wake: "Nyumba hii ina wifi tatu. Zikinuna zote kwa pamoja, mimi sina mawasiliano."

Kisha wifi akafanyiwa upasuaji wa tezi shingoni. Tezi ilitoka salama, ila mshipa wa sauti uliguswa. Sauti iliyorudi ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu anayeongea akiwa kajifunika blanketi. Daktari alisema huenda ikatengemaa, huenda isitengemae. Kazini walimvumilia kidogo, halafu wakamwita ofisini wakamshukuru kwa utumishi wake. Shukrani za namna hiyo sote tunazijua.

Siku hiyo alilia, akaenda kuoga, akatoka bafuni na macho makavu.

"Wifi," akaniambia, "sasa natafuta kazi ya vidole."

Mimi ni mshonaji, nikadhani anataka nimfundishe cherehani. Nikaanza hata kumsogezea kiti. Kumbe alikuwa na maana ya kibodi. Miaka yote aliyokaa kwenye simu alikuwa akipokea vilio vya watu waliodukuliwa akaunti zao, na kila mara kazi yake iliishia kuwaunganisha na kitengo kingine. Sasa alitaka yeye mwenyewe awe hicho kitengo kingine.

Akajiunga na maabara ya mazoezi ya mtandaoni. Alinieleza hivi: kuna watu wanaotengeneza kompyuta zenye kasoro za makusudi, wanazitenga mahali pake, halafu wanakwambia, haya, jaribu kuingia. Haibiwi mtu. Unajifunza mwizi anapita wapi, ili kesho uweze kumwambia mwenye nyumba azibe. Mwisho wa masomo kuna mtihani, nao ni huohuo wa kuingia kwenye mashine usizozijua na kuandika ripoti ya jinsi ulivyoingia.

Meza yake ikawa inatazamana na cherehani yangu. Dada yake mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja kumjulia hali akaikuta ile skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani.

"Hii si kazi ya wezi hii?"

"Ya kuwazuia, dada."

"Njoo dukani kwangu upange misumari. Msumari hauhitaji sauti."

Wifi alicheka kile kicheko chake kipya kisichosikika, mabega tu ndiyo yanayopanda na kushuka. "Ngoja nimalize hili kwanza, dada. Nikishindwa nitakuja mwenyewe, hutanifuata."

Mashine iliyomtoa jasho aliianza asubuhi moja wakati mimi natia vifungo mashati ya sare. Nilimsikia akiguna. Akaguna tena. Mwishowe nikauliza kulikoni.

"Tovuti ya hii mashine ina mahali pa kupakia picha," akasema. "Badala ya picha nimeweka faili langu. Faili likifunguka, mashine inatakiwa inipigie mimi, niipokee, niwe ndani. Sasa haipigi."

"Umeipa namba sahihi?"

Nilikuwa natania tu. Alinitazama, akaitazama skrini, akajipiga kofi la paja. Ni kwamba ili kufika maabara, kompyuta yake hupita kwenye njia ya faragha, wanaiita VPN, na njia hiyo humpa anwani yake ya pekee. Yeye alikuwa ameandika anwani ya humu ndani, ile inayotolewa na kisanduku cha pale kwenye kona. Mashine ya maabara itaijulia wapi sebule yetu?

Akabadilisha anwani. Akasubiri. Kimya.

Hapo ndipo nilipomwona wifi yangu ni mtu wa namna gani. Mimi ningekwisha kuizima nikaenda kuanika nguo. Yeye alivuta kiti, akaanza kuulizia kitu kimoja kimoja. Njia ya faragha iko hai? Iko hai. Faili linafunguka kweli? Linafunguka. Je, huku kwangu ninapokea? Akafungua dirisha jingine akajipigia mwenyewe, akajipokea.

"Basi inapiga, inakatwa mlangoni kwao," akanong'ona.

Mashine ile ilikuwa imezuiwa kutoka nje ovyo. Iliruhusiwa kupita kwenye milango michache tu, ile inayotumiwa na tovuti za kawaida. Wifi akahamia kwenye mmojawapo wa milango hiyo, akafungua faili upya. Mstari mpya ukatokea kwenye skrini.

"Imepiga!"

Nikaacha vifungo nikaenda kuangalia. Sikuona cha maana, ila nilipiga makofi.

Furaha haikudumu. Alikuwa ameingia, lakini kwa cheo cha chini kabisa, kama mgeni aliyekaribishwa kibarazani: anaona milango ya vyumba, haruhusiwi kushika kitasa. Zoezi lilitaka apande mpaka awe mkuu wa mashine, mwenye ruhusa zote. Akachukua mbinu ya mtu mwingine aliyoikuta mtandaoni, akaibandika bila kuisoma vizuri. Mashine ikaganda. Ikabidi aiwashe upya, na kazi yote ya asubuhi airudie.

Kaka, ambaye ni fundi wa friji, alirudi kula akamkuta kakunja uso. "Redio, pumzika kidogo. Hata kompresa hupumzishwa."

"Sipumziki. Nimekasirika."

Kaka akanikonyeza, akamwekea chakula pembeni ya kompyuta, akaondoka kwa kunyata.

Safari hii hakukopi cha mtu. Alipekua taratibu mpaka akakuta skripti, yaani orodha ya amri, ambayo mashine huiendesha yenyewe kila dakika kwa ruhusa za mkuu ili kuhifadhi nakala za mafaili. Uzembe ulikuwa hapa: mtu yeyote, hata yule wa kibarazani, aliweza kuibadilisha. Wifi akaongeza amri yake mwishoni, mashine impigie tena, safari hii kama mkuu. Dakika ikapita. Nyingine. Wapi!

"Mbona hutukani?" nikamuuliza.

"Nasoma."

Aliisoma ile skripti kutoka juu, mstari kwa mstari, kidole kikitembea kwenye skrini. Katikati akakuta amri inayosema, folda ya nakala isipokuwepo, acha kazi. Na folda yenyewe haikuwepo. Kila kilichoandikwa chini ya hapo, pamoja na amri yake, kilikuwa hakifikiwi kamwe. Akaihamishia juu kabisa. Akaweka mikono mapajani.

Mstari ukatokea. Akaiuliza mashine, mimi ni nani? Ikamjibu neno moja: root. Ndiye mkuu. Wifi alisimama, akafungua mdomo apige kelele, kelele haikutoka, basi akaipiga meza kwa viganja viwili mpaka pini zangu zote zikamwagika sakafuni. Tuliziokota pamoja, tunacheka.

Mtihani wa kwanza aliangushwa na ripoti. Alieleza alivyoingia, hakueleza vya kutosha jinsi ya kuziba. Akarudia, akafaulu. Kampuni moja inayopima usalama wa mifumo kwa idhini ya wenyewe ikampigia kumsaili.

"Samahani, laini yako mbaya," msaili akasema.

"Laini ni nzima, kaka. Sauti ndiyo hii. Niulize kwa maandishi, nitakujibu sasa hivi."

Niliona vidole vyake vikikimbia. Saa nzima hakuinua kichwa. Walimchukua, wakakubali afanyie kazi nyumbani.

Wiki yake ya kwanza nilimkuta kasimama na sahani mkononi, anatafuna huku anaitazama skrini kwa mbali kama mtu aliyegombana nayo.

"Imegoma?"

"Imegoma," akasema. Akaiweka sahani chini, akavuta kiti.