Fundi wa Kwenye Fremu

Juzi, katika duka la vitu vya kale Harrow, niliona nakala ya ile picha ya utotoni mwangu: waziri wa enzi za Malkia Victoria, kofia ndefu kichwani, anamzungushia tepu ya kupimia shingoni Mwafrika aliyepiga magoti.

Baba aliileta nyumbani kwetu, mtaa wa Thamesmead, alasiri moja ya mvua, ikiwa kwenye fremu, zawadi ya bosi wa ofisi alizokuwa akisafisha. Mikono yake ilinuka jiki. Aliigongea msumari juu ya televisheni.

"Huyu anafanya nini, baba?" niliuliza.

"Ni fundi, mwanangu. Anampima suti."

Nilifurahi, maana kule Bukavu, kabla hatujahama, baba naye alikuwa fundi cherehani.

"Itoe hapo," mama alisema kutoka jikoni.

"Bosi amesema atapita kuiona," baba akajibu polepole.

Bosi hakupita. Picha ilikaa pale mpaka nikawa mtu mzima.

Maandishi ya chini, ambayo fremu yetu ilikuwa imeyaficha na niliyoyasoma juzi dukani, yanasema waziri anapima mali yake mpya. Kwanza nilimhurumia baba, nikidhani hakuielewa. Lakini baba alikuwa amepima watu nusu ya maisha yake. Alijua hakuna fundi anayempima suti mtu aliyepiga magoti.